Mskoti Aliyefanywa Baba Mkwe Wangu

Yule Mskoti nilimwona uso mchana mmoja tu, kabla hajafanywa baba mkwe wangu. Ni mfupi, mwekundu, nyusi zake kama brashi ya viatu. Baada ya hapo yote ninayoyajua juu yake niliyasikia mimi nikiwa nimempa mgongo, au yeye akiwa amenipa wake. Na nayajua mengi.

Alikuja huku kwetu Kinyala kwa ajili ya parachichi. Siku hizi kila anayekuja na gari lenye magurudumu makubwa amefuata parachichi. Zamani walifuata chai. Parachichi za kienyeji tulikuwa tunawaachia nguruwe. Sasa ikianguka moja kabla ya siku yake, mtu anashika kichwa.

Alitaka kujenga ghala la kufungashia, lenye chumba cha ubaridi, na uwanja ambao malori yataingia na kugeuza. Kwa hiyo alitaka ardhi tambarare kando ya barabara. Anayeijua Rungwe anaelewa alikuwa anaomba kitu gani. Huku ukidondosha kiazi mlangoni kwako, unakwenda kukiokota kwa jirani. Kwenye kitongoji chetu tambarare iliyo kando ya barabara ni moja, na juu yake imesimama migomba yangu.

Migomba hiyo mama mkwe alinikabidhi nilipoolewa, pamoja na jembe lake. Mume wangu amekwisha kufa. Watoto wako mbali, wanapiga simu. Shamba hilo ndilo linanilisha, na linalobaki nauza sokoni Tukuyu. Mashamba mengine ya ukoo yako mteremkoni, yamepandwa chai, na chai huwezi kuipika ukashiba. Kama ningeipoteza migomba, ningekwenda kukaa Mbeya kwa mwanangu, kwenye kile chumba cha wageni, niwe mgeni mpaka nife. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu, wala silitii chumvi.

Ardhi ni ya ukoo wa mume wangu. Mkubwa wa ukoo aliyebaki ni mzee mmoja, mdogo wake baba mkwe wangu. Kwetu sisi mdogo wa baba mkwe naye ni baba mkwe, hakuna nusu. Mzee huyo ndiye aliyempeleka Mskoti kuiona tambarare, siku niliyokuwa sokoni, akamwambia itapatikana.

Hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wa siku hizi hawalifuati. Sisi tulilelewa kumwogopa baba mkwe. Tunaita kutila. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Halitaji jina lake. Haongei naye. Akimwona njiani anatoka njiani, anachuchumaa, anageuza uso mpaka apite. Wengi husahau kwamba amri hiyo ina pande mbili. Baba mkwe naye haingii mahali mkamwana alipo. Kama mkamwana yuko jikoni, jikoni hakuingiliki. Kama analima, hapiti shambani mpaka amemaliza na kuondoka. Wake wa wajukuu zangu wanawapa baba wakwe zao mkono na kupiga nao picha kwa simu. Siwalaumu. Mimi nilifundishwa hivi na mama mkwe, na hakuja mtu mwingine kunifundisha vingine.

Mzee alikuwa na shida moja. Kumpa mgeni ardhi ya ukoo, watu wangesema ameuza. Basi akafikiri sana, akapata njia. Aliitisha karamu.

Tulipika mbalaga, ndizi na nyama sufuria moja, na Mskoti alikula vizuri. Mkalimani wake alikuwa binti wa mjini Tukuyu, mwenye miwani na viatu visivyofaa tope. Kabla ya hotuba watu walitaka kumjua mgeni. Mmoja akauliza utajiri wake umetoka wapi, kama ni dhahabu au ni mafuta.

Mskoti akajibu, binti akasikiliza, akamwomba arudie, kisha akatuambia polepole, "Anasema ni vyoo."

"Vyoo vipi?" akauliza wifi yangu, dada yake marehemu mume wangu. Huyo mdomo wake haujawahi kulala.

"Vyoo vya kukodisha. Vya plastiki. Vinapakiwa kwenye lori, vinapelekwa penye harusi."

"Na baada ya harusi?"

"Vinarudishwa kwake."

"Vikiwa vimejaa?"

Binti akauliza. Mskoti akatikisa kichwa kukubali, uso mzito kabisa, kama shahidi.

"Basi ameutafuta kweli," akasema wifi.

Ndipo mzee akasimama, amevaa kofia ya sufu aliyopewa na Mskoti, ile bapa yenye ukingo mfupi. Akasema, "Mimi leo sina mgeni hapa. Kaka yangu amekufa, nimebaki peke yangu kama mti. Huyu kuanzia leo ni mdogo wangu, tumbo moja. Cha ukoo ni chake. Anayempinga amenipinga mimi." Akamshika mkono, akanywa kikombeni, akampa naye akanywa kikombe hicho hicho. Wanawake wakapiga vigelegele. Mskoti alipotafsiriwa maneno hayo alisimama akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Wifi akaniinamia. "Haya wifi, umepata baba mkwe mpya. Funika uso."

Nikavuta kitenge, nikafunika uso. Nikainuka, nikaenda jikoni. Wifi akacheka mpaka akakohoa. Alidhani nafanya mzaha naye.

Asubuhi yake Mskoti alikuja kwangu kunisalimia na kuongea habari ya shamba, maana aliambiwa ndimi ninayelilima. Nilisikia sauti yake na ya binti getini. Nikaweka ndoo chini, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikachuchumaa nyuma ya mgomba, uso nimeuelekeza bondeni. Nilisikia viatu vyao vimesimama uani.

"Bibi! Bibi, shikamoo! Tumekuja wageni!" binti akaita.

"Marahaba. Mwambie sipo."

"Bibi, tumekuona sote wawili kwamba upo."

"Basi mwambie nipo, lakini siwezi kuonana naye. Ni baba mkwe wangu."

Wakaongea Kiingereza. Binti akarudi upande wangu. "Anauliza amekukosea nini mpaka umkimbie."

"Sijamkimbia. Nimemheshimu."

"Anauliza kwa nini unamheshimu kwa mgongo."

"Kwa sababu ndiyo sehemu niliyonayo ya kumheshimia. Akamwulize kaka yake."

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Akanisikiliza, akasema sheria iko, mjane ana haki, lakini mashauri ya ardhi yanachukua muda na greda halisubiri hukumu. "Mama, kwa nini usiongee na yule Mzungu mwenyewe? Ni mtu mwelewa. Akikataa yeye, yamekwisha." Nikamwambia kuongea naye ndiko kusikowezekana. Akakuna shavu. Akasema, "Hapo sheria haina kifungu."

Nikiwa narudi, mvua inaninyeshea, nililifikiria jambo hilo pande zote. Mzee amemfanya Mskoti ndugu ili apewe ardhi. Kwa kumfanya ndugu amemfanya baba mkwe. Na baba mkwe haingii nilipo mimi. Na ardhi ya ukoo haitolewi kwa mdomo. Anayetoa na anayepewa wanaukanyaga mpaka pamoja, kona hadi kona, watu wanaona. Wote wawili ni baba wakwe zangu. Nilipofika nyumbani sikuvua hata gambuti. Nilichukua jembe nikaingia shambani.

Siku wapimaji walipokuja na vigingi na lile darubini lao la miguu mitatu, nilikuwa katikati ya migomba, napalilia. Sikuwatazama. Nilisikia gari, kisha sauti ya mzee kule mfereji wa mpakani.

"Yumo?"

"Yumo, baba mdogo," akajibu wifi, ambaye alikuja kunisaidia kukata majani makavu, au alikuja kuona, sijui. Yeye ni binti wa ukoo, anaongea nao anavyotaka.

"Anatoka saa ngapi?"

"Anapalilia."

"Palizi gani hiyo? Shamba lenyewe halina hata unyasi!"

"Ndiyo faida ya kupalilia, baba mdogo."

Mpimaji mmoja akasema, "Mzee, sisi si wakwe zake. Tuingie tu, tupige vigingi, twende zetu."

"Muingie mkamwonyeshe nani mpaka?" mzee akamkaripia. "Mpewaji ni huyu, mtoaji ni mimi. Wewe ni kigingi tu."

Nikasikia gambuti moja inashuka mfereji. Ilikuwa ya Mskoti, anataka kuingia aje anishike mkono yaishe. Mzee akapiga ukelele ambao sijausikia tangu msiba wa kaka yake. "Mdogo wangu! Rudi! Mkamwana yumo!" Gambuti ikarudi juu.

Kila siku nilikuwa nikiingia kabla ukungu haujapanda, naondoka giza linapokaribia, saa ambayo hakuna anayepima kitu. Chakula nilikula humo. Nilichoma ndizi humo. Wifi aliniletea mwavuli na maneno ya kijijini. Wengine walisema nina kichaa, wengine walisema nina akili, na mchungaji wetu alisema mambo ya kutila ni ya zamani, akaulizwa na wifi kama atakuja kumweleza mzee hivyo mbele ya kofia yake. Hakuja.

Kisha Mskoti akaja peke yake na binti, na kiti cha plastiki. Akakiweka njiani, nje ya mfereji, akakigeuza, akaketi ameipa migomba mgongo. Binti akaniambia, "Bibi, kaka yake amemwambia kwamba akikaa hivi si kosa kubwa sana. Anaomba kuongea. Usipojibu ataongea na barabara."

"Aongee na barabara. Mimi masikio yangu siwezi kuyafunika na jembe mkononi."

Akaongea. Ndivyo nilivyoyajua maisha yake, yeye akiitazama barabara, mimi nikiyatazama magimbi.

Alizaliwa kwenye mji wa mawe na mvua. Baba yake alichomelea meli, mpaka meli zikaacha kujengwa, akarudi nyumbani akakaa kwenye kiti. Mama yake alisugua sakafu za shule. Yeye na kaka yake walilala kitanda kimoja. Shule ilimshinda, au yeye aliishinda, binti hakutafsiri vizuri. Akaendesha lori. Siku moja akapeleka mahema kwenye harusi ya matajiri, akaona wanaume wenye suti na maua kifuani wanapanga foleni nyuma ya kichaka. Wengine waliona aibu. Yeye aliona kazi. Wakaanza na kaka yake, lori moja, vyoo vichache, wanavisafisha wenyewe kwa mpira wa maji. Baadaye ikawa harusi zote, mipira yote, ngoma zote za uwanjani, hata mbio za farasi wanazokwenda wakubwa wa nchi.

"Wakubwa nao?" wifi akauliza kutoka migombani.

"Anasema wakubwa ndio zaidi."

Kisha akaiuza kampuni yote kwa watu wakubwa kuliko yeye. Angeweza kukaa kwenye kiti kama baba yake, akashindwa. Akaanza kuweka mali yake kwenye kazi za wengine: mikate, teksi, boti, soksi za sufu, na chai, na sasa parachichi. Hiyo ndiyo kazi ya mwekezaji, nilivyoelewa. Hafanyi kitu kwa mkono wake. Anawapa wengine wafanye, halafu anasafiri kwenda kuwatazama kama wanafanya. Baadhi ya hizo kazi zilikufa. Ile ya boti ilizama, si boti, kazi. Ameoa, ameachana, ameoa, ameachana. Ana mtoto wa kike ambaye naye, kama wangu, yuko mbali, ila wake hapigi simu.

"Anasema atakujengea nyumba ya matofali, na atakupa shamba lingine kule juu, kubwa kuliko hili."

"Kule juu nilikwenda kuchuma chai mpaka magoti yakakataa. Mwambie magoti yangu hayasomi ukubwa wa shamba. Na nyumba ninayo."

"Anasema ghala litaleta kazi kwa vijana wa hapa."

"Nimekubali. Vijana wanahitaji kazi. Mwambie ghala ni zuri. Mwambie nimekataa mahali tu."

Mvua ikaanza, ile nyembamba ya kwetu isiyo na haraka. Binti akafungua mwavuli juu yake. Ndipo nikasema neno nililokuwa nimelishika siku zote hizo, na nililiogopa, maana likienda vibaya sina jingine.

"Mwambie hivi. Akitaka kuingia humu, njia iko. Aende kwa mzee mbele za watu, auache undugu. Akiacha, yeye si baba mkwe wangu. Nitatoka, nitasimama mbele yake, nitamtazama, na wazee wataamua kati yetu."

Binti alisita. "Bibi, niseme hivyo hivyo?"

"Usiongeze sukari."

Akasema. Nilisikia kiti kinalia, ameegemea. Akauliza kitu kifupi.

"Anauliza, akiacha undugu anakuwa nani?"

Nilikuwa natafuta jibu la heshima. Wifi akawahi. "Anarudi kuwa Mzungu."

Hilo nalo likatafsiriwa. Nikashika mpini wa jembe. Nilifikiri, amekwisha kukasirika, kesho anakwenda kuacha undugu, na mzee hawezi kumnyima kitu, na mimi nitatoka humu ndani nikamtazame mtu anayeninyang'anya chakula. Nilimwona mwanangu wa Mbeya ananitandikia kile kitanda cha wageni.

Mskoti akasema, na binti akatafsiri kwa sauti ya chini kidogo. Kumbe yule kaka yake wa lori la kwanza walikuja wakagombana juu ya kampuni. Mskoti alimtoa, kwa wanasheria. Hawakusemezana tena. Aliposikia anaumwa alinunua tiketi, na alifika siku ambayo tayari walikuwa wanapika chai ya wafiwa. Tangu hapo, akasema, watu wanamwita bwana mkubwa, wanamwita mkurugenzi, kuna chuo kimoja kinamwita daktari ingawa hajui kutibu hata mbuzi. Ndugu hakumwita mtu, mpaka yule mzee na kikombe chake.

Nikaendelea kupalilia. Lilikuwa neno lake na barabara.

Akasimama, akachukua kiti chake mwenyewe, akaondoka bila kugeuka. Binti akachelewa kidogo kwenye mfereji. "Bibi, hajasema atafanya nini."

"Nimesikia hivyo. Nenda, utaachwa."

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi niliingia shambani kama kawaida, kwa sababu mtu aliyenyamaza hajakubali. Ukungu ulipopanda nilisikia gari la wapimaji. Lilikuja mpaka mfereji, likapunguza mwendo, likapita. Likaendelea kule njia ya Suma. Wifi alitupa panga akalifuata kwa miguu, na umri wake ule. Alirudi mchana, amelowa, ameshika kiuno.

"Wanapiga vigingi mteremkoni, kwa yule aliyekuwa anatafuta mnunuzi tangu mwaka juzi. Mahali penyewe mbuzi anashuka kwa makalio! Baba mdogo amesimama juu anaelekeza, baba mdogo mwingine amesimama chini anauliza, binti katikati analilia viatu vyake."

"Mzee amekasirika?"

"Amekununia wewe dakika moja, alipokumbuka. Halafu akasema mdogo wake hajui udongo wa huku, ataibiwa, akaenda kumsimamia."

Nikamaliza mstari niliokuwa nao, nikarudi nyumbani, nikavua gambuti, nikalala mchana kweupe kama mgonjwa.

Kuusawazisha ule mteremko kuliwatesa. Greda lilikwama, likavutwa na greda lingine, nalo likakwama. Mvua ilibomoa ukuta wa kwanza. Mtu mwenye akili za biashara angesema amepata hasara kwa ajili ya kikombe, na nasikia wenzake wa Uskoti walimpigia simu wakamwambia hivyo. Alijenga. Ghala lipo, la bati la kijani, wasichana wamevaa kofia nyeupe wanapanga matunda kwenye maboksi, na baadhi yao ni wa ukoo wetu.

Mimi nina miparachichi pembezoni mwa migomba, na matunda yangu nayapeleka hapo kama wengine. Nikionekana tu kwenye kilima na tenga kichwani, mtu mmoja anamwambia Mskoti, naye anatoka mlango wa nyuma. Hana haja ya kuambiwa sababu, amekwisha kuijua. Msimu uliopita walikuja wageni kutoka kwao, wanaume wenye makoti ya mvua ya bei, amewasimamisha mbele ya mashine anawahutubia. Mimi nikatokea mlangoni. Akakata neno katikati, akaweka kofia kichwani, akatoka nyuma kwenye mvua, akasimama huko na mzee, bega kwa bega, wakisubiri nipimiwe. Wale wageni wakanitazama. Mmoja akamnong'oneza binti.

"Bibi, wanauliza wewe ni nani hapa."

"Waambie mkamwana," nikasema, nikaweka tenga juu ya mizani.